Jina la kale, bastola ya plastiki: je, P320 inastahili sifa za SIG Sauer?

Makala yetu ya historia juma hili imetokana na swali. Msikilizaji wetu mmoja, mzaliwa wa pwani ya Kenya ambaye kwa miaka kadhaa sasa ni mlinzi mwenye silaha katika jimbo la Texas nchini Marekani, alitueleza kwamba mwajiri wake amemkabidhi bastola aina ya SIG Sauer P320. Wenzake kazini wamegawanyika. Wapo wanaomwambia amepewa kazi ya mikono ya Waswisi, watu wa saa na vipimo, basi na ashukuru. Na wapo wanaomshauri asiivae kiunoni ikiwa na risasi ndani. Anataka kujua nani mkweli.

Nikiri mapema kwamba mimi si mtu wa silaha. Nilikokulia, bastola ilikuwa kitu cha kuonekana kwa mbali, kiunoni mwa afisa wa polisi, nasi watoto tulipishana naye kwa adabu. Hata hivyo swali hili limenisumbua, kwa sababu ukilifuatilia linakutoa kwenye karakana ya mabehewa ya treni huko Uswisi na kukufikisha kwenye mahakama za Marekani, na katikati ya safari hiyo jina lile lile limebadili mikono zaidi ya mara moja.

Tuanze na jina lenyewe. Mwaka 1853, katika mji wa Neuhausen, pale mto Rhine unapoporomoka kwa kishindo, Waswisi watatu, Friedrich Peyer im Hof, Heinrich Moser na Johann Conrad Neher, walianzisha kiwanda cha kutengeneza mabehewa ya reli. Silaha hazikuwamo katika mpango wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 serikali ya Uswisi ilipokuwa ikitafuta bunduki mpya ya jeshi, kiwanda hicho kilijitosa katika mashindano na kikapata agizo la bunduki 30,000. Jina likabadilishwa, kikawa Schweizerische Industrie-Gesellschaft, yaani Shirika la Viwanda la Uswisi, au kwa kifupi SIG.

Sifa tunayoizungumzia leo, lakini, haikutokana na bunduki hizo. Ilitokana na bastola moja iliyopitishwa na jeshi la Uswisi mwaka 1949, ambayo baadaye ilijulikana kama P210. Hapa inafaa tukae kidogo. Katika bastola nyingi za aina hii, sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka huwa imeukumbatia mwili wa bastola kwa nje, na baina ya viwili hivyo hubaki nafasi ndogo ya kuchezacheza. Katika P210 mambo yaligeuzwa: sehemu ya juu iliteleza ndani ya mwili, ikiwa imeshikwa kwa urefu wake wote. Kila kipande kilichongwa kutoka katika chuma kizima na kulinganishwa na mwenzake kwa uangalifu. Matokeo yake yalikuwa silaha iliyolenga shabaha kwa namna ambayo bastola za jeshi za wakati huo hazikuizoea. Denmark nayo ikainunua kwa ajili ya jeshi lake, na wapiga shabaha wa michezo wakaipenda kwa miaka zaidi ya 50.

Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: bei. Kufikia miaka ya 1970 hata Waswisi wenyewe waliona ni ghali mno kwa jeshi la raia wengi kama lao. Ndipo SIG ikatengeneza P220, iliyopitishwa jeshini mwaka 1975. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu, na sehemu yake ya juu ilikunjwa kutoka katika bamba la chuma badala ya kuchongwa. Wapenzi wa P210 walinung'unika. Wasikilizaji wanaodhani kwamba lawama za kurahisisha kazi zilianza na plastiki, basi wajue kwamba lawama hizo ni za kale kuliko plastiki.

Sheria za Uswisi ziliweka masharti makali ya kuuza silaha nje, na kwa hiyo SIG ikashirikiana na kampuni ya Kijerumani ya J.P. Sauer & Sohn, mafundi wa bunduki tangu mwaka 1751, ambao baada ya vita kuu vya pili walihamia Eckernförde katika pwani ya bahari ya Baltiki. Ndiyo asili ya jina SIG Sauer. Michoro ilikuwa ya Waswisi, sehemu kubwa ya kazi ikafanywa na Wajerumani.

Mwaka 1984 jeshi la Marekani lilishindanisha bastola mbalimbali ili kupata mrithi wa Colt ya zamani. Mbili zilivuka majaribio yote: Beretta ya Italia na P226 ya SIG Sauer. Hesabu za mwisho zilipopigwa, pamoja na vipuri na magazini, Beretta ilikuwa nafuu, na ndiyo iliyochaguliwa mwaka uliofuata. Kushindwa huko kuliijengea SIG heshima kubwa kuliko ushindi, maana askari wa kikosi maalumu cha wanamaji wa Marekani, SEAL, waliamua kuichukua P226 kwa matumizi yao. Tangu hapo ilisemwa kwamba jeshi lilinunua iliyo rahisi, na wanaojua walinunua iliyo bora. Maneno hayo hayakuwa ya haki kamili kwa Beretta, ila yaliuza bastola nyingi.

Sasa tufike kwenye plastiki. Kampuni ya Kijerumani ya Heckler & Koch ndiyo iliyotangulia, kwa bastola yake VP70 ya mwaka 1970, lakini haikupata wanunuzi wengi. Aliyeibadilisha dunia ni Mwaustria Gaston Glock, mtu ambaye hakuwahi kutengeneza bastola kabla, na ambaye karakana yake ilitengeneza fito za mapazia na visu vya jeshi. Mwaka 1982 jeshi la Austria likaichagua bastola yake ya kiunzi cha plastiki. Ilikuwa nyepesi, haikushika kutu, na ilitengenezwa kwa gharama ndogo. Polisi wa Marekani walicheka kwanza, kisha wakapanga foleni.

SIG ilichelewa. Bastola yake ya kwanza ya plastiki, SIG Pro, ilitoka mwaka 1998, na haikuwa mbaya hata kidogo: polisi na askari wa doria wa Ufaransa walianza kuagiza toleo lake la SP2022 mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakachukua zaidi ya 200,000. Mtu anayesema kwamba SIG haiwezi plastiki, basi Ufaransa ni jibu tosha.

Lakini wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likitendeka. Mwaka 2000 shirika mama la Neuhausen liliamua kuachana kabisa na silaha. Kitengo cha bunduki na bastola kikauzwa kwa wafanyabiashara wawili wa Kijerumani, Michael Lüke na Thomas Ortmeier. SIG yenyewe ipo hadi leo, makao yake bado ni Neuhausen, na inatengeneza mashine na pakiti za karatasi za maziwa na juisi. Wasikilizaji wetu wa Ghuba huenda wamekunywa kutoka katika pakiti zake pasipo kujua, kwani ina kiwanda Riyadh. Nimeona niitaje habari hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo wauzaji wa bastola hawalisemi kwa sauti kubwa: kampuni iliyochonga P210 sasa ni ya pakiti, na kilichokwenda Marekani ni jina, michoro na baadhi ya watu.

Tawi la Marekani lilikuwapo tangu mwaka 1985, kwanza Virginia, baadaye New Hampshire. Chini ya wamiliki wapya tawi likawa mti. Mwaka 2007 likaitwa SIG Sauer, likapanua viwanda vyake huko New Hampshire, na mwaka 2020 kiwanda cha Eckernförde kikafungwa. Mwenye kununua P320 leo ananunua bastola ya Kimarekani iliyobuniwa na kutengenezwa Marekani. Wale wenzake msikilizaji wetu wanaosema habari za Waswisi na saa zao wanasema habari za watu wengine.

P320 haikuzuka yenyewe. Mwaka 2007 kampuni ilitoa P250, bastola yenye wazo la kupendeza sana. Ndani ya ganda la plastiki palikuwa na kisanduku kidogo cha chuma kilichobeba mashine yote ya kufyatulia, na namba ya usajili ilichongwa kwenye kisanduku hicho. Mpini wa plastiki ukivunjika, au ukiwa mkubwa kwa mkono wako, unanunua mwingine kama unavyonunua kava la simu. Mbele ya sheria ya Marekani, plastiki hiyo si bastola. Bastola ni kile kipande cha chuma. Ila P250 ilikuwa na triga ndefu na ya taratibu, na soko lilitaka wepesi wa Glock. Polisi wa Uholanzi, waliokuwa wameichagua, walivunja mkataba baada ya bastola zilizotoka kiwandani kutofikia kiwango kilichotakiwa. Mwaka 2014 kampuni ilikichukua kisanduku kile kile, ikaondoa nyundo, ikaweka pini inayosukumwa na springi, na P320 ikazaliwa.

Hapa naomba msikilizaji anivumilie kidogo, maana ndipo ugomvi wote ulipo. Katika Glock, pini huwa imevutwa nusu tu, na kidole ndicho kinachomalizia kazi ya kuivuta. Tena kwenye uso wa triga yake pana kijiulimi ambacho lazima kibonyezwe kwanza. Katika P320, sehemu ya juu ikisharudi nyuma na kusonga mbele, pini inakuwa tayari imevutwa, na kijiulimi hicho hakipo. Kufuli za usalama za ndani zipo, lakini kufuli ya nje ya kuwekwa kwa kidole gumba haikuwapo kwenye bastola nyingi zilizouzwa kwa raia na polisi. Faida yake ni triga laini, na mpigaji hata asiye hodari hupata shabaha. Hakuna dhambi katika kuchagua hivyo. Kinachotakiwa ni kwamba kila kinachoizuia ile pini kiwe imara pasipo shaka.

Januari 2017 historia ilijirudia kwa kichekesho. Jeshi la Marekani lilitangaza kwamba mrithi wa Beretta ni P320, kwa mkataba unaoweza kufikia dola milioni 580. Glock walilalamika rasmi. Ofisi ya serikali inayokagua matumizi ilitupilia mbali malalamiko hayo mwezi Juni, na maelezo yake yaliweka bei hadharani: SIG Sauer dola milioni 169.5, Glock dola milioni 272.2. Kampuni iliyoshindwa kwa bei katika miaka ya 1980, na kujivunia kwamba iliyo bora haikuchaguliwa, safari hii ilishinda huku bei ikiwa upande wake.

Miezi miwili baadaye mambo yakaharibika. Mapema Agosti 2017 idara ya polisi ya Dallas iliwaamuru askari wake waache kuibeba P320. Siku chache baadaye wapimaji wa kujitegemea walionyesha kwa picha za video kwamba bastola hiyo ikianguka na kutua kwa nyuma katika pembe fulani, inaweza kufyatuka yenyewe. Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kusimama ndani ya daladala. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari linasimama lakini abiria wanaendelea na safari. Triga ya P320 ilikuwa nzito. Bastola ilipogota chini, mwili ulisimama na triga ikaendelea kwenda nyuma kwa uzito wake, kama kwamba kidole kimeivuta.

Kampuni ilitangaza mpango wa kubadilisha triga na vipande vingine bila malipo. Iliuita uboreshaji wa hiari, haikuuita wito wa kuzirudisha, na ilisisitiza kwamba bastola ilitimiza viwango vyote vya Marekani. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na bado hayakutosha. Januari 2018 ripoti ya ofisi ya majaribio ya wizara ya ulinzi ilithibitisha kwamba jeshi lilikuwa limeugundua udhaifu huo huo katika majaribio yake ya kuangusha, na likaagiza triga nyepesi. M17, ambayo ni P320 ya jeshi, ilikuwa na triga hiyo nyepesi, tena na kufuli ya nje. Bastola iliyokuwa ikiuzwa madukani na kwa idara za polisi hadi Agosti hiyo haikuwa nayo.

Mimi naona hapa ndipo sifa ilipopata ufa, na plastiki haihusiki. Fundi yeyote huweza kukosea. P210 nayo ilikuwa na kasoro zake ndogo. Jina lile la Neuhausen lilijengwa juu ya dhana kwamba kasoro hugunduliwa kiwandani kabla ya mteja kuiona. Mwaka 2017 mteja wa jeshi aliigundua kasoro akatengenezewa, na mteja wa dukani aliisikia kwa wapimaji wa video.

Yaliyofuata ni magumu zaidi kuyahukumu. Watu walianza kwenda mahakamani wakidai kwamba P320 zao, hata zile zilizokwisha kuboreshwa, zilifyatuka zikiwa kiunoni, hazikuanguka wala hazikuguswa triga. Uchunguzi wa vyombo vya habari vya Washington Post na The Trace uliochapishwa Aprili 2023 uliwahesabu zaidi ya watu 100 wenye madai hayo, na kati yao wasiopungua 80 walijeruhiwa. Wengi walikuwa polisi na watu waliozoea silaha. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama huko New Hampshire liliipa kampuni ushindi katika kesi mojawapo. Juni 2024 baraza jingine, katika jimbo la Georgia, liliamua mlalamikaji alipwe dola milioni 2.35, na Novemba mwaka huo huo la Philadelphia likataja dola milioni 11. Msimamo wa kampuni haujabadilika: P320 haiwezi kufyatuka pasipo triga kuvutwa, na wanaodai vinginevyo waligusa triga kwa kidole, nguo au mkoba usiofaa.

Shirika la upelelezi FBI liliipima bastola moja ya polisi wa jimbo la Michigan mwaka 2024, na ripoti yake, iliyojulikana hadharani mwaka 2025, ilisema huenda mazingira fulani yakaweza kuzishinda kufuli za ndani. Kampuni ilijibu kwamba majaribio yaliyofuata hayakuweza kuyarudia matokeo hayo. Mei 2025 jimbo la New Hampshire, ambako kampuni imeajiri watu wengi, lilipitisha sheria inayozuia kampuni za bunduki kushitakiwa huko kwa sababu tu ya kutoweka vifaa kama kufuli ya nje. Naliacha hilo bila maoni.

Kisha likatokea la Wyoming, ambalo kila anayezungumzia P320 anapaswa kulisimulia hadi mwisho. Tarehe 20 Julai 2025, katika kambi ya jeshi la anga ya F.E. Warren, askari kijana aliuawa kwa risasi iliyotoka katika M18, ndugu mfupi wa M17. Maelezo ya kwanza yalisema bastola ilifyatuka yenyewe. Kamandi inayosimamia makombora na ndege za nyuklia ikasimamisha matumizi yake, na mwezi huo huo idara ya uhamiaji ya Marekani, ICE, nayo ikaipiga marufuku P320. Mitandaoni hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Mwezi Agosti askari mmoja akakamatwa, na baadaye wenzake wawili wakakiri kwamba walitoa maelezo ya uongo: mwenye bastola alikuwa ameielekeza kwa marehemu kwa mzaha. Ukaguzi wa kamandi hiyo katika bastola karibu 8,000 ulikuta 191 zenye kasoro, nyingi zikiwa vipande vilivyolika kwa matumizi, na bastola zikarudishwa kazini.

Kwa hiyo kifo kile hakikuwa cha bastola. Lakini tazama jinsi watu walivyokuwa wepesi kuamini kwamba ni yake. Askari walipotafuta uongo wa kuwafunika, huo ndio ulikuwa karibu nao, na kwa siku kadhaa hata majenerali walilazimika kuuchukulia kwa uzito. Sidhani P226 ingeshukiwa hivyo.

Narudi kwa msikilizaji wetu wa Texas. Ukiniuliza kama P320 inapiga shabaha, haikwami, na inastahimili vumbi na mvua, nitasema maelfu ya askari na polisi wanaoridhika nayo si wajinga, na upande huo inaweza kukaa meza moja na watangulizi wake. Kama swali ni iwapo mtu anaweza kuivaa siku nzima pasipo kuifikiria, jinsi mtu alivyoweza kuivaa P226, basi jibu langu ni hapana, hata kama siku moja itathibitika kwamba kampuni ilisema kweli tupu. Wenzake wanaoogopa wana sababu, ijapokuwa si zote wanazozitaja.

Amwombe mwajiri wake amwonyeshe kama bastola hiyo ilitengenezwa kabla ya Agosti 2017, na kama ni hivyo, ushahidi kwamba ilikwisha kubadilishwa triga. Aulize kama lipo toleo lenye kufuli ya nje, kwa sababu lipo na linauzwa. Na mkoba wa kiunoni uwe mgumu, uliofinyangwa kwa ajili ya bastola hiyo, unaofunika triga yote pande mbili. Mkoba wa kitambaa aliotuambia amepewa pamoja na bastola aurudishe kesho asubuhi.